Gari la Mjomba na mgongo wa Bibi

Haya wadau, nimerudi. Najua nimeadimika humu tangu UE ziishe, wengine mlishanitumia meseji kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa nyumbani Tanga, Mabawa, nimekula mihogo ya kukaanga mpaka mashavu yameota. Leo nawapa stori ya gari la mjomba wangu, na wale wa umekanika someni mpaka mwisho kwa sababu kuna aibu yangu humo ndani.

Mjomba anauza mitumba kwenye minada. Wiki hii Muheza, wiki ijayo Korogwe, mara Lushoto. Zamani alikuwa analala gesti, akaona hela yote inaishia kwa wenye gesti. Akanunua Hiace iliyochoka, ile ya umbo la zamani iliyokuwa daladala, akang'oa viti vyote vya nyuma na kumpa seremala kazi. Sasa ndani kuna kitanda cha mbao, godoro la inchi sita, jiko dogo la gesi, ndoo, madumu mawili ya maji na kamba ya kuanikia shati. Wazungu wana magari yao ya kulala ya mamilioni, wanapita nayo njia ya Pangani kwenda kupiga kambi ufukweni. Mjomba naye ana lake. Watoto wa mtaani wanaliita "Hilton".

Tatizo la Hilton lilikuwa moja. Linarusha! Yaani ukipita juu ya kifuniko cha soda unajua kama ni Fanta au Pepsi.

Mnadani hilo si neno, nguo hazilalamiki. Shida ni kwamba gari hilohilo ndilo linamleta Bibi kutoka Maramba kuja kliniki ya mgongo Bombo, kwa sababu kwenye kitanda anaweza kulala, kwenye basi hawezi. Mara ya mwisho alipofika alilia. Bibi yangu huyu ambaye sijawahi kumwona analia hata kwenye msiba wa babu. Kipande cha vumbi kabla ya Muheza kina mawimbi kama bati la nyumba, kila wimbi lilikuwa linampiga kiunoni. Nilipofika likizo, mama alikuwa anaongea naye kwenye simu kuhusu kliniki inayofuata, nikasikia sauti ya Bibi inatoka kabisa: "Mwe! Mniache na mgongo wangu. Kwenye hilo kasha sipandi tena."

Hapo ndipo injinia nikajitokeza. Nasoma mwaka wa tatu, nimefanya kozi ya mitetemo, nina B+ yangu. Nikamkalisha mjomba barazani nikamchorea springi na shokapu kwenye karatasi, na ile fomula yenye m, c na k. Mjomba akatazama, akasema, "Sawa mwanangu. Sasa tunafungua nati gani?" Kimya.

Tukaenda kwa fundi palepale Mabawa, gereji ya chini ya mwembe, mzee mmoja ana ovaroli iliyokuwa ya bluu enzi hizo. Mjomba akamweleza kwamba shokapu za nyuma alishabadilisha miezi mitatu nyuma, kalipa laki na nusu kwa jozi kwenye duka moja la spea (jina nalihifadhi), lakini gari ndiyo kwanza limezidi kuwa gumu. Kwa hiyo kesi ni shokapu feki, si ndiyo? Mimi pia niliwaza hivyo. Fundi hakujibu. Akachukua geji yake ya upepo, akapima matairi yote manne asubuhi ile gari likiwa halijatembea. Nyuma yalikuwa na 65.

Mjomba akasema kwa fahari, "Si ndivyo ilivyoandikwa?" Na kweli, ubavuni mwa tairi imeandikwa 65. Wadau, hapa tusikilizane, maana nimegundua watu wengi tunaisoma vibaya ile namba. Hiyo inahusu tairi likiwa limebeba mzigo wake wa mwisho kabisa. Haisemi gari lako wewe lijazwe hivyo. Upepo wa gari unasomwa kwenye kibandiko cha mlangoni, mara nyingi kwa kPa (gawa kwa 6.9 upate PSI). Cha Hilton kilishafutika tangu enzi za daladala. Enzi hizo lilikuwa linabeba watu mpaka wengine wananing'inia mlangoni, leo linabeba godoro, marobota na mjomba. Tairi likijaa kupita kiasi halibonyei, na lisipobonyea kila kokoto linapanda moja kwa moja mpaka kwenye kiuno cha Bibi.

Nilikumbuka kitu tulichosoma, kwamba yule Dunlop wa mwaka 1888 alikuwa daktari wa mifugo kule Belfast, akafunga mpira wenye upepo kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe ili isimtikise. Maana yake upepo uliwekwa kwenye tairi kwa ajili ya raha ya aliyepanda. Nikamweleza fundi. Akaniambia nimshikie jeki.

Chini ya gari ndiyo kulikuwa na mambo. Kwanza springi. Hiace hizi nyuma zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa, na wenye daladala wanapenda kuongeza chuma kimoja au viwili ili gari lisikae chini likijaa. Hili lilikuwa na cha ziada kila upande. Pili, shokapu ya kushoto ilikuwa imelowa oili, imekufa tayari. Ya kulia nzima, ila bushi yake ya mpira haipo! Aliyefunga alikaza chuma kwa chuma. Ule mlio wa "ko ko ko" ambao mjomba aliuzoea kama wimbo wa taifa ulikuwa unatokea hapo.

Fundi akanipa somo ambalo lekchara alitumia wiki tatu. Alisema springi ndiyo inabeba gari, shokapu haibebi kitu. Kazi ya shokapu ni kuikataza springi isiendelee kucheza baada ya shimo. Kwa hiyo mtu mwenye springi ngumu na tairi gumu akinunua shokapu ngumu zaidi, amejiongezea adhabu tu. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa anajua. Kwenye mtihani nilishaandika jambo hilohilo kwa Kigiriki, ila sikuwahi kuliona likiwa na matope.

Tukatoa vile vyuma vya ziada. Mjomba alibisha karibu nusu saa kuhusu hilo, anaogopa marobota, na nadhani alikuwa na haki. Walikubaliana kwamba asipakie kupita alama fulani. Tukafunga shokapu za kawaida za oili, safari hii na bushi zake. Upepo tukapunguza kidogokidogo: fundi alichora mstari wa chaki kukatisha uso wa tairi, tukaendesha mpaka Makorora na kurudi, tukaangalia. Chaki ikifutika katikati tu, tairi bado limejaa mno. Ikifutika pembeni tu, umepunguza sana, na hilo nalo ni hatari, tairi legevu linapata joto mpaka linapasuka. Tuliishia 48 nyuma, 40 mbele. Msichukue namba hizi mkaweka kwenye Noah za baba zenu!

Mchango wangu mimi mwenye B+ ulikuwa kuhamisha madumu ya maji. Yalikuwa mwisho kabisa nyuma, nikayasogeza karibu na kiti cha dereva. Fundi akasema, "Hapo injinia umefanya jambo." Nimeiandika tarehe.

Siku ya kliniki tulifika Maramba usiku, tukalala humohumo ndani ya gari. Alfajiri Bibi alikuja na fimbo yake na mito mitatu, akaniamkia kwa jicho. Nilimwambia, "Bibi, panda tu, likikuumiza tunarudi." Nilikaa nyuma naye nimeshika mguu wake. Shimo la kwanza nilifumba macho mimi. Gari likashuka, likapanda, likatulia. Mawimbi yalisikika bado, msidhani limekuwa V8, ila ule mpigo haukuwepo. Kabla ya kufika lami ya Muheza Bibi alikuwa anakoroma.

Pale Bombo alishuka mwenyewe, akajinyoosha kanga, akamuuliza mjomba, "Hii barabara wameichonga lini?"

Mjomba alinitazama. Nilitaka kueleza kuhusu chaki na bushi na kila kitu, ila foleni ilikuwa ndefu, nikaenda kuchukua namba.

Kuna kitu kimoja kinaniudhi bado. Wakati tunapima upepo nilisoma zile tarakimu nne za tarehe ubavuni mwa tairi la mbele kulia: 3113. Yaani wiki ya 31 ya mwaka 2013. Mpira umeshakuwa mgumu kama soli na una nyufa. Nilimwambia mjomba, akasema "baada ya mnada wa Korogwe". Mnada umeshapita miwili. Bumu likitoka namtumia nusu ya tairi, nusu nyingine amalizie mwenyewe, na kliniki ya Bibi ni tarehe 14.

Basi ngoja nikimbie, kuna testi kesho na desa lenyewe sijalikopi.