Nani Mwenye Haki ya Kusema "Ni Mipango ya Mungu"?

Kuna maneno ambayo sisi Wakristo wa huku tunayatoa upesi kuliko hata pole: "Ni mipango ya Mungu." Mtu kafiwa, mipango ya Mungu. Kafukuzwa kazi, mipango ya Mungu. Ukihoji, unaletewa Yusufu. Si unaona? Ndugu zake walimuuza, akawa mkubwa Misri, njaa ilipokuja akawalisha walewale waliomuuza.

Hadithi hiyo naipenda tangu utotoni. Hivi karibuni nimeisoma tena, Mwanzo sura ya 37 hadi ya 50, kwa jinsi ninavyosoma riwaya: nani anasema nini, lini, na mbele ya nani. Nikagundua kwamba ile kauli ya Mungu kuugeuza ubaya uwe wema inatoka kinywani mwa mtu mmoja tu. Ni Yusufu, aliyeuzwa. Waliomuuza hawaisemi hata mara moja.

Tuanze na sura ya 37. Yusufu ana miaka 17. Anavuliwa kanzu, anatupwa shimoni, na ndugu zake wanakaa kula. Kisha anauzwa kwa vipande 20 vya fedha. Katika sura hiyo nzima Mungu hatajwi. Sauti ya kijana aliye shimoni nayo hatuisikii, mwandishi kaificha. Tunakuja kuipata sura ya 42, kama miaka 20 baadaye, tena kutoka kwa ndugu zake wenyewe. Wamebanwa Misri, wanakumbushana jinsi alivyowasihi na wao wakaziba masikio. Wanaongea kwa uhuru kwa sababu yule mkubwa anatumia mkalimani, kwa hiyo wanadhani haelewi. Yusufu anajitenga nao, analia.

Kwangu mimi, rehema inaanza kuonekana hapo. Bado hakuna msamaha wala kukumbatiana. Kuna wakosaji tu wanaokisikia upya kilio walichokipuuza.

Yuda ndiye mfano mkubwa zaidi. Wazo la kumuuza Yusufu lilikuwa lake. Halafu sura ya 38 inakatiza hadithi na kutupeleka nyumbani kwake, kwa mkwewe Tamari, mjane aliyenyimwa haki yake. Yuda anaamuru achomwe moto kwa uzinzi, na Tamari anamtumia muhuri, kamba na fimbo, avitambue ni vya nani. Katika Kiebrania kitenzi hicho cha kutambua ndicho walichokitumia kina Yuda walipompelekea baba yao kanzu iliyochovywa damu ya mbuzi. Sasa zamu imemfikia. Yuda anakiri kwamba Tamari ana haki kuliko yeye. Sura ya 44, yuleyule aliyeuza ndugu anaomba abaki mtumwa ili Benyamini arudi kwa baba. Na anapomtaja Mungu pale, hasemi kwamba Mungu alipanga. Anasema Mungu ameufichua uovu wao.

Kwa hiyo katika Mwanzo maneno yamegawanywa: mkosaji anataja kosa, na aliyekosewa, akipenda, ndiye anayetaja mpango wa Mungu. Sisi tumeyageuza.

Kwenye ukoo wetu kuna shamba lililouzwa kimya kimya huku mjane, mama yangu mdogo, bado yuko matangani. Miaka ikapita, watoto wake wakasoma kwa taabu, mmoja akapata kazi nzuri. Kwenye sherehe ya kumpongeza, aliyeuza shamba akashika kipaza sauti akasema: mnaona, lile shamba lingewafunga hawa watoto, Mungu alikuwa na mpango wake. Watu wakapiga makofi. Mama mdogo alikuwa anaangalia sahani yake. Mtu yule alichukua shamba, sasa akachukua na ushuhuda.

Sikatai kwamba Mungu alikuwapo. Imani yangu yote imekaa hapo: hangoji watu wawe wema ndipo aanze kazi. Mathayo anapoorodhesha ukoo wa Yesu, Yuda na Tamari wamo, wala hakuna aliyewafuta ili orodha ipendeze. Ila kusema Mungu alipita hata kwenye dhambi yangu si sawa na kusema haikuwa dhambi.

Sura ya 50 inalijua hilo. Yakobo amekufa, baada ya miaka 17 Misri, na ndugu wanaogopa kwamba sasa Yusufu atalipiza. Miaka 17 wamekula mkate wa msamaha na bado hawajauamini! Wanaomba radhi, na Yusufu analia tena. Kwanza anawauliza kama yeye yuko mahali pa Mungu. Halafu anataja ubaya waliomkusudia, anauita ubaya, bila kuupaka asali. Baada ya hapo tu anasema alichokusudia Mungu. Kitenzi ni kilekile, mara mbili, juu ya tukio lilelile. Kisha anaahidi kuwatunza wao na watoto wao.

Jamani, maneno kama hayo hayaazimwi. Yusufu aliyafikia kupitia shimo na gereza, na hakuna aliyemharakisha. Mama mdogo naye huenda akaja kuyasema siku moja, au asiyaseme kabisa. Ni yake.