Senti ya bibi

Wadau, nimeadimika kidogo, kazi za chumba cha habari zilinibana. Leo naanza na kuungama.

Nikiwa darasa la sita, bibi alinionyesha senti kumi ya mkoloni, ile yenye tundu katikati. Ni ya shaba nyeusi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, na ilikuwa imeota kutu ya kijani. Nikajitia msafi. Ndimu, chumvi, stilwaya. Ikang'aa kama dhahabu! Kuja kuangalia, mwaka umefutika.

Kumbe babu aliiweka siku baba alipozaliwa: senti mpya ya mwaka ule. Bibi hakujua kusoma. Mpaka leo mwaka wa kuzaliwa ulioandikwa kwenye pasipoti ya baba ni wa kukisia.

Nimeikumbuka senti hiyo baada ya kusoma kuhusu mtambo wa Antikythera. Mwaka 1901 wapiga mbizi wa Ugiriki waliutoa kwenye meli iliyozama zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Kwa macho ni bonge la kutu tu. Shaba yake imeliwa na bahari karibu yote. Ukiisugua, inageuka unga.

Mwaka 2005 wataalamu walipeleka mashine ya eksirei yenye uzito wa karibu tani 8 kwenye jumba la makumbusho la Athens. Mionzi hupenya kwenye kutu kwa urahisi kuliko kwenye chuma kizima, kwa hiyo picha inaonyesha kilichobaki na kilicholiwa. Kipande huzungushwa, hupigwa picha nyingi kila upande, kisha kompyuta huziunganisha ukakiona ndani tabaka kwa tabaka, kama mkate uliokatwa. Bila kugusa hata punje.

Wakahesabu magurudumu 30 yenye meno. Ulikuwa mtambo wa kukokotoa mwendo wa jua na mwezi, hadi kutabiri kupatwa kwake. Na maandishi yaliyosomeka yakaongezeka maradufu. Yalikuwa humo humo, ndani ya kutu.

Hapo ndipo nilipochoka. Kwenye shaba ya kale, sura ya mwanzo mara nyingi hubaki ndani ya kutu yenyewe. Mimi nilidhani naondoa uchafu, kumbe naondoa mwaka wa baba.

Senti ninayo hapa mezani. Imeanza kufifia tena, na safari hii siigusi.

Nyie wenzangu, kama kuna kitu cha shaba kwenye sanduku la bibi, tafadhali, wekeni stilwaya chini.