Lake Geneva, mji uliopigia hesabu nguvu ya mkono mtupu

Kutoka Chicago, Marekani, hadi mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin ni takribani kilomita 130 kwa barabara. Wageni wengi hufuata ziwa. Njia ya miguu ya zaidi ya kilomita 30 hulizunguka, ikikatiza viwanja vya majumba ambayo matajiri wa Chicago walijijengea.

Wachache huliacha ziwa na kuelekea Mtaa wa Center, nyumba namba 330. Ni nyumba ya kawaida ya familia. Hapo aliishi Gary Gygax na mkewe na watoto wao watano. Mwaka 1970 alipoteza kazi yake ya bima, akawa fundi viatu katika chumba cha chini ya nyumba. Chumbani humo palikuwa pia na meza ya mchanga, ambapo yeye na marafiki zake walipanga askari wa sanamu na kupigana vita vya mezani.

Yeye na Dave Arneson wa Minnesota ndio waliotunga Dungeons & Dragons, uliotoka mwaka 1974 katika nakala 1,000 tu. Kabla ya hapo, mahandaki ya hadithi ya Gygax yalijaribiwa kwanza na wanawe wawili, Ernie na Elise.

Mzazi aliyezoea ludo au karata atashangaa kidogo. Hakuna anayemaliza wa kwanza. Mmoja husimulia, kila mwingine humchagua mhusika wake, na dadu huamua kama alilojaribu limefanikiwa. Upanga mfupi una dadu ya pande 6, upanga mrefu pande 8, shoka kubwa pande 12. Silaha ikiwa kubwa, dadu nayo huwa kubwa.

Je, asiye na silaha? Mtu wa kawaida akirusha ngumi hapewi hata dadu. Huhesabiwa pointi 1, ikiongezwa nguvu za mwili wake.

Mwaka 1975, filamu za kung fu zikiwa zimeshika kasi Marekani, mchezo ulimwongeza mtawa anayepigana kwa mikono mitupu. Katika kitabu cha kanuni cha mwaka 2024, mtawa anayeanza ana ngumi yenye dadu ya pande 6. Akifika ngazi ya 5 inakuwa pande 8, ngazi ya 11 pande 10, na ngazi ya 17 pande 12. Mkono wake sasa unalingana na lile shoka kubwa, na hakuna duka alilopitia. Amefika hapo kwa kucheza wiki baada ya wiki.

Kuna gharama. Akivaa deraya au kushika ngao, ustadi huo haumsaidii tena. Anaruhusiwa silaha nyepesi kama kisu au fimbo, lakini lazima akubali kusimama mbele ya hatari bila vazi la chuma.

Hapo ndipo wasiwasi wa wazazi unapokuja: mtoto anayeshangilia ngumi mezani si atakwenda kuirusha shuleni? Swali ni la haki, na halijibiwi kwa kumnyang'anya mtoto dadu. Linajibiwa kwa kukaa naye. Anayekaa atagundua kwamba kanuni za mkono mtupu hazihusu kuumiza tu. Mchezaji anaweza kumshika adui asikimbie, au kumsukuma. Hata pigo la mwisho linapotua, anaweza kuchagua adui azimie badala ya kufa. Mtoto hutakiwa kusema, mbele ya wenzake, amechagua lipi.

Jaribu kumuuliza jambo moja: mashujaa wenu wakikamatwa na kunyang'anywa kila kitu, nani anabaki na cha kupigania? Atakuambia ni mtawa. Kisha muulize mtawa huyo alifanya nini na mikono yake gerezani. Jibu lake litakueleza kuhusu mwanao mengi kuliko jalada la mchezo.

Gygax alifariki Machi 2008, katika mji huohuo wa Lake Geneva. Nyumba ya Mtaa wa Center bado ipo, na wageni husimama nje kuitazama, wengine wakiwa na watoto wao.