Monita Mbili na Rangi ya Sweta Zetu

Neno "monita" likitajwa hapa shuleni, wengi hudhani anasemwa yule kijana anayeandika majina ya wapiga kelele darasani. Leo simsemi yeye. Na aandike majina yake kwa amani. Nataka kusema juu ya monita za kompyuta, na hasa juu ya jambo moja linalowatatiza watu wengi: ukurasa mmoja wa intaneti, katika kompyuta moja yenye monita mbili, huonekana kwa rangi mbili zisizofanana. Huenda msomaji akasema kuwa hili ni jambo dogo. Nami ningalisema hivyo hivyo, kama lisingaligusa mifuko ya wazazi wetu.

Muhula uliopita kamati ya wazazi ilikubali kwamba wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wavae sweta za rangi ya damu ya mzee. Zilihitajika sweta 180, kila moja kwa Sh. 20,000, yaani jumla ya Sh. 3,600,000. Duka lililokubali kuzifuma liko mbali, na bidhaa zake huonyeshwa katika ukurasa wa intaneti. Basi Mkuu wa Shule pamoja na wazazi wanne wakaingia ofisini kuutazama ukurasa huo. Kompyuta ya ofisi ina monita mbili: moja ya zamani upande wa kushoto, na nyingine mpya, pana, upande wa kulia. Katika ile ya zamani sweta ilikuwa damu ya mzee hasa, tena iliyopauka kidogo. Katika ile mpya ilikuwa nyekundu ya kuwaka kama maua ya mkrismasi mwezi wa Desemba.

Hapo ndipo yalipoanza mabishano. Waliokaa kushoto walisema rangi ni nzuri, na waliokaa kulia walisema hiyo si rangi waliyoikubali. Wahenga walisema kuwa mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Mama mmoja, ambaye huuza vitumbua sokoni, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Wanangu, mimi nina fedha ya sweta moja, sina ya sweta mbili. Ikija rangi isiyotakiwa, mtoto wangu atavaa nini?" Maneno hayo yalituingia sote. Mkuu wa Shule akaahirisha kulipa, akamwomba Mwalimu wetu wa TEHAMA achunguze, naye akatuchukua wanafunzi watatu wa chama cha kompyuta tumsaidie.

Kabla hatujagusa kitu, Mwalimu alitufundisha namna monita inavyotengeneza rangi. Kioo chake kina madoa madogo sana, na kila doa lina sehemu tatu: nyekundu, kijani na buluu. Kompyuta huipelekea kila sehemu namba, kuanzia 0 mpaka 255. Kwa hiyo kila sehemu ina hatua 256, na hatua hizo zikichanganywa zote tatu hupatikana rangi 16,777,216. Lakini namba si rangi. Namba ni kama kusema "vibaba vitatu" pasipo kusema kibaba cha nani. Ikiwa kibaba cha duka moja ni kikubwa kuliko cha duka la pili, vibaba vitatu vya hapa si sawa na vya kule. Hali kadhalika nyekundu ya 255 katika monita moja yaweza kuwa kali kuliko nyekundu ya 255 katika nyingine.

Wataalamu waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1931 tume ya kimataifa ya mwanga, iitwayo CIE kwa kifupi, ilipanga jinsi ya kuandika rangi kwa namba kufuatana na jicho la mwanadamu. Mwaka 1993 makampuni kadhaa ya kompyuta na ya picha yaliunda chama kiitwacho ICC, ili kila chombo kiwe na faili lake la kueleza jinsi kinavyoonyesha rangi. Mafundi huliita faili hilo profaili. Mimi naona ni cheti cha rangi. Tena mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilitoa kipimo cha pamoja kiitwacho sRGB, ambacho mwaka 1999 kilithibitishwa kuwa kipimo cha kimataifa. Hicho ndicho kibaba cha kurasa za intaneti. Kivinjari chema husoma namba za picha, husoma cheti cha monita, kisha hugeuza namba ili jicho lipate rangi iliyokusudiwa. Cheti kikikosekana, au kivinjari kikiacha kukisoma, kila monita huonyesha ipendavyo.

Sasa nitaeleza tuliyoyafanya, hatua kwa hatua.

Kwanza tulibadilishana nyaya. Waya wa monita ya kushoto tuliuchomeka katika ya kulia, na wa kulia katika ya kushoto. Wekundu ule ulibaki katika monita mpya. Kwa hiyo tukajua kwamba kosa halikuwa katika waya wala katika tundu la kompyuta. Ingalikuwa rangi imehama pamoja na waya, tungaliutafuta ugonjwa mahali pengine kabisa.

Pili tulizima kila kitu kinachobadili rangi kwa makusudi. Kompyuta za siku hizi zina taa ya usiku, ambayo hupunguza ubuluu ili macho yasichoke, na kioo huwa cha manjano manjano. Tuliikuta imewashwa, tukaizima. Tuliziacha monita zote mbili ziwake nusu saa ndipo tukaendelea kulinganisha, kwa sababu mwanga wake hutulia baada ya kupata moto. Tena tulikaa mbele ya kila moja, tukaitazama wima. Monita nyingi za zamani hubadilika rangi zikitazamwa kutoka juu, chini au ubavuni. Na wazazi wetu siku ile walikuwa wamesimama, kila mtu pembeni mwake.

Tatu tulibonyeza vitufe vya monita yenyewe. Ile mpya ilikuwa imewekwa katika hali ya kukoleza rangi, ambayo hupendeza kwa sinema na michezo. Tulipoiondoa, nusu ya moto ule ukazimika papo hapo.

Nne tulitazama vyeti. Katika Windows kuna mahali pa kusimamia rangi, ambapo kila monita huandikiwa cheti chake peke yake. Monita ya zamani ilikuwa nacho, ile mpya haikuwa nacho. Nayo ni ya namna inayoweza kuonyesha nyekundu na kijani kali kupita kipimo cha sRGB. Kompyuta ilikuwa haina habari, ikaidhani ni monita ya kawaida. Mwalimu alipata cheti chake katika ukurasa wa watengenezaji, akakiandikisha, akakifunga kivinjari na kukifungua upya.

Hapo tuliona jambo la ajabu. Picha ya sweta ilitulia, ikawa damu ya mzee. Lakini kando ya picha ile palikuwa na kipande cha mraba kilichopakwa rangi ile ile ili kumwonyesha mnunuzi, nacho kiliendelea kuwaka! Sababu yake ni hii. Kivinjari chetu ni Firefox, nacho kina kipengele kiitwacho gfx.color_management.mode. Tulikikuta na namba 2, maana yake kivinjari hugeuza rangi za picha zenye cheti ndani yake tu. Picha ya sweta ilikuwa nacho. Mraba ule haukuwa picha, ulikuwa rangi iliyoandikwa kwa namba katika ukurasa wenyewe. Tulipoandika namba 1, ambayo huamuru rangi zote zigeuzwe, na kufungua kivinjari upya, mraba na picha vikapatana.

Hata hivyo kazi haikuisha. Tulipoukokota ukurasa hadi monita ya zamani, rangi ilizidi kupauka. Kumbe kivinjari chetu kilikuwa kinasoma cheti cha monita kuu peke yake, na monita kuu ilikuwa ile mpya. Dawa iliyokusudiwa mgonjwa mmoja ilinyweshwa wote wawili. Basi Mwalimu akaweka sharti: ofisini rangi ihukumiwe katika monita kuu tu, na ile ya pili iwe ya barua na hesabu. Alitueleza pia kuwa asiyetaka kusumbuka na vyeti aweza kuiweka monita yake katika hali ya sRGB, kama vitufe vyake vina hali hiyo, nayo itajizuia yenyewe.

Siku ya Ijumaa wazazi walirudi. Walitazama monita moja, wakakubaliana kwa neno moja. Lakini Mwalimu hakuwaruhusu walipe. Alisema, "Ndugu wazazi, kioo hutoa mwanga wake, bali kitambaa hurudisha mwanga wa jua. Hata kioo kilichotengenezwa vyema si sweta." Kwa hiyo Mkuu wa Shule aliagiza kipande cha sweta kije kwa basi. Kilipofika tulikipeleka nje, kivulini, saa nne asubuhi. Kilifanana sana na monita tuliyoitengeneza, ila kilikuwa kimekolea kidogo zaidi. Wazazi walikipenda. Kilikatwa vipande viwili: kimoja kilibaki ofisini, cha pili kilirudishwa dukani pamoja na barua ya kuagiza, ili mzigo ukifika usiofanana nacho uweze kukataliwa kwa haki. Mzigo ulifika mwezi uliofuata, wote wa rangi moja. Yule mama wa vitumbua aliichukua sweta ya mwanawe, akaigeuza nje ndani, akacheka.

Wasomaji wenzangu, mkikutana na shida hii msiilaumu mashine kwa jumla, wala msibishane kwa sauti. Tengeni sababu moja moja: waya, taa ya usiku, vitufe vya monita, cheti cha rangi, kisha kivinjari. Badilisheni kitu kimoja tu kwa mara moja, mtazame matokeo, mwandike katika daftari. Mkibadilisha vitu vitatu pamoja hamtajua ni kipi kilichoponya. Nanyi wazazi wetu, mnaponunua kitu kwa kukitazama katika simu au kompyuta, kumbukeni kwamba macho yenu ni mazima na bado mnaweza kuona visivyo. Ombeni kipande cha kitu chenyewe. Nauli ya kipande kwa basi ni ndogo sana ukiilinganisha na sweta 180 ambazo hakuna atakayezivaa.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu,
Chama cha Kompyuta