Namugongo: kanisa, soko na bido ya maji

Tangu nilirudi kutoka Uganda mwaka jana, hakuna wiki inapita bila mtu kuniuliza: "Kapita, ni kweli wewe Mprotestanti ulienda kwa Wakatoliki kubeba maji?" Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka. Basi naandika hapa, na anayetaka kubishana anikute saa ya mapumziko.

Kwetu nyumbani tuko mchanganyiko. Baba ni shemasi Mprotestanti, nyanya ni Mwanglikana wa Boga, mama mudogo ni Mkatoliki. Yeye njo aliweka ahadi ya kwenda Namugongo kwa sikukuu ya tarehe 3 Juni, na baba akaniombea ruhusa masomoni ili nimsindikize, sababu mwanamke mwenye mizigo na franka hatembei peke yake. Tulipitia Mahagi, tukavuka mpaka kwa Goli, tukapita daraja la Nili kule Pakwach, tukafika Kampala miguu imevimba. Njia sielezi zaidi. Kila mtu wa Bunia anajua mavumbi ni nini.

Siku ile gari linakuacha mbali, kisha unatembea, na pale unapoanza kutembea njo soko linaanza. Mbele sijaona hata paa la kanisa, nimekwisha kuona meza mia: rozari, mishumaa, picha za mashahidi, kofia, miavuli, mikeka ya kulalia, ndizi, chapati, nyama ya kuchoma. Na bido, zile ndogo za plastiki, za kila rangi. Wenye kuuzisha wanasema Kiganda, lakini hesabu wanaijua kwa Kiswahili. Mama mudogo alipouliza "beyi gani?", mahujaji wa Kenya waliokuwa karibu walicheka Kiswahili chetu. Tuliwasamehe. Walikuwa wametembea kwa miguu wiki mbili, viatu vyao ni vya kuhurumia, na bado wanaimba.

Wengi hapa masomoni wanafikiri mashahidi wa Uganda ni habari ya Wakatoliki tu. Hapana. Kabaka Mwanga aliua Wakristo kati ya mwaka 1885 na 1887, na wanahesabiwa Wakatoliki 22 na Waanglikana 23. Wa kwanza kabisa walikuwa vijana watatu Waanglikana, Januari 1885. Tarehe 3 Juni 1886 kundi kubwa lilichomwa Namugongo, watu wamefungwa ndani ya matete. Wengi wao walikuwa vijana watumishi wa nyumba ya mfalme, na mmoja, Kizito, alikuwa mdogo kuliko wanafunzi wengi wa darasa letu la tatu. Charles Lwanga alichomwa peke yake, na pale Wakatoliki wamejenga basilika yenye umbo la nyumba ya Kiganda, na nguzo 22. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza hao 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Lakini wale wengine, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, walikufa Nakiyanja, unafika kwa mguu. Leo pahali pale ni pa Waanglikana, na kuna sanamu kubwa kama watu zinazoonyesha namna waliteswa. Nilisimama mbele ya zile sanamu mpaka mama mudogo akanivuta mkono. Moto ulikuwa mmoja, na sasa ibada ni mbili, siku moja, kila watu kwao. Hilo lilinisumbua kuliko soko.

Na sisi wa Ituri tuna sehemu yetu. Apolo Kivebulaya, aliyeleta Injili Boga mwaka 1896, alikuwa Mganda wa kanisa lile la Waanglikana. Alikufa mwaka 1933 na kaburi lake liko Boga. Nyanya anamtaja kama mtu wa ukoo.

Sasa maji. Karibu na basilika kuna ziwa dogo, na mahujaji wanachota humo. Maji ni bure, bido njo ya kununua. Mama mudogo alibishana beyi, akaondoka, akarudi, akaondoka tena, akarudi. Msichana mwenye kuuzisha alikuwa wa umri wangu. Alituambia franka za siku hizo njo zinamlipia masomo. Mbele kidogo mtu mmoja aliuzisha maji yaliyokwisha kutiwa ndani ya chupa, akisema yanaponya sukari, presha, na utasa. Mama mudogo, ambaye anaamini maji yale kabisa, hakusimama. Alisema tu: "Huyu anatuchukua namna gani? Maji yako pale bure."

Ndiyo, nilibeba bido. Ya lita tano. Kubeba mzigo wa mama mudogo si kubadili dini.

Naleta habari hii juu ya mabishano yetu ya muhula huu. Wenzangu wa komite wanataka wamama wenye kuuzisha mikate na karanga kwenye mlango wa masomo wafukuzwe, sababu Yesu alipindua meza hekaluni. Mimi nimesoma tena Marko 11. Pale mtu maskini alilazimishwa kubadili franka na kununua njiwa ili atoe sadaka. Kwetu nani analazimishwa kununua karanga ili aombe? Wamama wabaki, ila wasogee mpaka kwenye ule mti wa mkalitusi, na kengele ya ibada ikilia wanyamaze. Lakini yule kijana anayeuzia wafinalisti "kalamu zilizoombewa" ili wafaulu Egzameni ya Serikali, huyo aondoke hata kesho. Wenzangu watatu wa darasa la sita wamekwisha kununua. Majina ninayo, siyaandiki. Komite inakutana Jumatano saa nane, na kila darasa lilete mtu wake.

Kapita wa wanafunzi, darasa la sita