Kusimamia na Kusimamisha

Lugha yetu ina tendo moja, kusimama, ambalo limezaa watoto watatu wanaokutana katika kila kiwanja cha ujenzi. Wa kwanza ni kusimamia, yaani kuwa na kazi ya watu wengine mbele ya macho na kuwa tayari kuulizwa juu yake. Wa pili ni kusimamisha nyumba, yaani kuifanya iwe wima pale ambapo jana palikuwa na majani. Wa tatu ni kusimamisha kazi, yaani kuizuia isiendelee. Mtu asiyefikiri sana atasema kwamba wa pili na wa tatu ni maadui, kwa kuwa mmoja hujenga na mwenziwe hukataza kujenga. Mimi naona kwamba ni ndugu wa tumbo moja. Msimamizi mwema wa ujenzi ni mtu ajuaye lini asimamishe kazi ili nyumba ipate kusimama. Na ujuzi wake mwingine wote, pamoja na mazoea yake yote, ni maandalizi ya saa hiyo moja.

Niliyatazama mambo haya kwa karibu kabla sijaingia chuoni. Kwa muda wa miezi 10 nilikuwa karani wa mahudhurio katika kiwanja cha nyumba ya ghorofa katika mji mmoja wa pwani. Kazi yangu ilikuwa kuandika majina ya vibarua asubuhi, kuhesabu mifuko ya saruji, na kumfuata msimamizi nikiwa na daftari mkononi. Msimamizi yule alianza maisha kwa kubeba karai la zege kichwani, akapanda akashika mwiko, kisha akajifunza kusoma ramani kwa jitihada yake mwenyewe. Mafundi walimwita Mzee, ingawa mvi zake zilikuwa chache. Nililojifunza kwake sikulikuta baadaye katika kitabu chochote nilichokisoma, na ndilo linalonifanya niandike.

Yafaa kwanza tujue kwa nini kazi hii ipo. Katika nyumba za mawe za pwani yetu ya kale, fundi mkuu alikuwa yote katika yote. Yeye ndiye aliyechagua mawe ya matumbawe, aliyetazama chokaa ikichomwa na kulowekwa, na aliyejua kwamba boriti za mikoko hazikubali chumba chenye upana wa zaidi ya mita 3 hivi. Akili iliyowaza nyumba na mkono ulioijenga vilikuwa vya mtu mmoja. Siku hizi kazi hiyo imegawanyika. Mmoja huchora, mwingine hupiga hesabu za uzito, mwingine hutoa fedha, na wengine wengi hushika sepetu na nyundo. Kila mmoja hujua sehemu yake, na baina ya sehemu na sehemu kuna mwanya. Msimamizi ni mtu aliyewekwa katika mwanya huo. Asipokuwapo, au akiwapo kwa jina tu, mwanya haujazwi na mtu mwingine yeyote.

Sifa yake ya kwanza ni kuona kitu kabla hakijafunikwa. Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Lakini katika majengo ya zege hata aliyeingia ndani haoni lililo muhimu. Kina cha msingi hufunikwa na udongo. Nondo hufunikwa na zege. Ubovu wa zege hufunikwa na lipu. Na lipu hufunikwa na rangi. Kila hatua huficha ile iliyoitangulia, na macho ya mwenye nyumba huanza kupendezwa pale ambapo macho ya msimamizi yameshapoteza nafasi. Kwa sababu hii Mzee alikuwa na desturi ya kufika kiwanjani kabla ya mtu mwingine, akazunguka peke yake na timazi mfukoni. Alishika kila mrunda uliobeba boksi na kuutikisa. Alihesabu ringi za nguzo kwa kidole, mojamoja, kama mtu avutaye tasbihi. Nilipomwuliza kwa nini ahesabu vitu ambavyo fundi amekwisha kuvihesabu, alinijibu, “Mwanangu, fundi huhesabu alizofunga. Mimi nahesabu zilizokosekana.”

Sifa ya pili ni kuyajua maumbile ya vitu vyenyewe, na hasa maji. Zege lenye maji mengi ni jepesi kuchota na jepesi kusambaza, kwa hiyo vibarua hulipenda, wala hapana wa kuwalaumu kwa kupenda kazi nyepesi. Lakini maji yaliyozidi mahitaji ya saruji hukauka na kuacha matundu madogo yasiyohesabika. Mwaka 1918 mtaalamu Duff Abrams alieleza huko Chicago kwamba nguvu ya zege hufuata uwiano wa maji na saruji: maji yakizidi, nguvu hupungua. Mzee hakulijua jina hilo, ila sheria yake aliijua. Alikuwa na chombo cha bati kilicho wazi juu na chini, kipana chini na chembamba juu, chenye urefu wa sentimita 30. Hukijaza zege kwa tabaka tatu, kila tabaka hulishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, kisha hukiinua na kupima jinsi zege lilivyonywea. Likinywea kupita kiasi, mashine husimama. Na zege likisha kumwagwa, maji yale yale aliyoyakataza jana huyaamrisha leo. Kwani saruji huendelea kushikana kwa siku nyingi, na humwagiliwa walau siku 7 ili isikauke kabla ya kukomaa. Ndiyo maana nguvu ya zege hupimwa siku ya 28. Vilevile alikataa mchanga wa ufukoni, kwa kuwa chumvi hula nondo, na nondo ikipata kutu hufura na kulipasua zege kutoka ndani.

Sifa ya tatu ni kuandika. Daftari lake halikuwa na maneno mazuri. Lilikuwa na tarehe, hali ya hewa, idadi ya watu, kazi iliyofanywa, amri iliyotolewa na jina la aliyeitoa. Kila jioni tulihesabu mifuko mitupu ya saruji. Sakafu ya ghorofa yenye urefu wa mita 10, upana wa mita 8 na unene wa sentimita 15 ni mita 12 za ujazo. Na kwa mchanganyiko wa kawaida wa saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, huhitaji yapata mifuko 75 ya kilo 50. Karani akikuta mifuko mitupu 50, hana haja ya kupeleleza. Ama saruji imeibwa, ama zege limepunjwa, na kwa mkazi wa baadaye mambo hayo mawili ni jambo moja.

Sifa ya nne ni namna ya kusema na watu. Zamani mwenye cheo hiki aliitwa nyapara, na neno hilo bado lina harufu ya kiboko. Mzee hakupiga kelele. Kosa la fundi alilisema mbele ya fundi huyo peke yake, na sifa yake aliisema mbele ya wote. Faida ya adabu hii si upole tu. Fundi anayeogopa kutukanwa huficha kosa chini ya zege, fundi anayejua kwamba atasikilizwa huja kusema, “Mzee, hapa pamenishinda.” Mficha maradhi kifo humuumbua, na katika ujenzi kifo chenyewe huwa cha mtu mwingine ambaye hakuficha kitu.

Sasa nifike kwenye saa niliyoitaja mwanzoni. Siku ya kumwaga sakafu ya juu, tajiri alikuwa amekodi mashine kwa saa, vibarua 40 walikuwa wamekusanyika, na mawingu ya masika yalikuwa yakipanda kutoka baharini. Sakafu ile ilikuwa na roshani iliyotokeza nje mita moja na nusu. Mzee alipanda alfajiri, akainama juu ya roshani, akabaki ameinama muda mrefu. Watu waliokuwa wakipita na mbao jana yake walikuwa wamezikanyaga nondo za juu hata zikalala chini kabisa ya boksi. Msomaji asiye fundi na ajue kwamba roshani imeshikwa upande mmoja tu. Uzito wake huuvuta upande wa juu kana kwamba unataka kuupasua, na zege halina nguvu ya kuvutwa. Kinachovumilia mvuto huo ni nondo, nazo hazina budi kuwa juu. Zikiwa chini hazisaidii kitu, na jicho la nje haliwezi kuona tofauti.

Mzee aliteremka, akaamuru mashine izimwe.

Tajiri alisema, “Mzee, unajua naipa mashine hii kiasi gani kwa saa?”

“Najua, Bwana. Tena mvua ile naiona.”

“Basi si nondo zimo? Mimi nimezilipia zote, nazo zote zimo.”

“Zimo, Bwana, ila hazipo mahali pake. Zege likisha kumwagwa, hutaziona wewe wala sitaziona mimi. Atakayezijua ni mtu atakayesimama pale juu.”

Kazi ilisimama saa tatu. Nondo ziliinuliwa, zikawekewa vyuma vya kuzibeba, na mbao zikatandikwa juu yake ili watu wapite bila kuzikanyaga. Zege lilimwagwa mchana, mvua ikanyesha kabla ya kumalizika, na ikabidi tufunike kwa maturubali na kufanya kazi mpaka usiku. Roshani ile ipo hata leo, na nguo huanikwa juu yake. Tajiri alilipa alichodaiwa. Lakini nyumba yake iliyofuata alimpa msimamizi mwingine, akisema kwamba Mzee ni mtu mzuri ila ni mzito.

Hapo ndipo uchungu wa kazi hii ulipo. Daktari akimponya mgonjwa, mgonjwa hujua kwamba alikuwa akiumwa. Msimamizi akizuia maafa, maafa hayo hayana ushahidi kwamba yangetokea. Kinachobaki kuonekana ni saa tatu zilizopotea na mashine iliyolipiwa bure. Methali yatuambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Nayo ni kweli, lakini ufa walau huonekana. Msimamizi huziba ufa usiokuwapo bado, na malipo yake kwa wengi ni kuitwa mzito.

Sisemi kwamba kila anayesimamisha kazi ni mwema. Yuko msimamizi anayeizuia kazi ili aonekane ana amri, na yuko anayeizuia kwa kuwa hajui na aogopa. Mzee katika miezi yote 10 aliizuia kazi mara nne tu. Mambo mengi aliyasahihisha huku kazi ikiendelea, kwa kuwa ukuta uliokwenda upande kidogo waweza kubomolewa kesho kwa gharama ndogo. Aliulizia jambo moja tu: je, likisha kupita, laweza kurudiwa? Lililoweza kurudiwa alilivumilia, lisiloweza alilisimamisha.

Alikuwa na swali jingine, nalo ni la kila badiliko linaloletwa kiwanjani kwa maneno ya mdomo: “Nani amelipigia hesabu?” Uzito wa swali hilo nilikuja kuufahamu niliposoma habari za hoteli ya Hyatt Regency katika mji wa Kansas City, Marekani. Humo njia mbili za kupitia watu, moja juu ya nyingine, zilikusudiwa kuning’inia kwa vyuma virefu vilivyoshuka moja kwa moja kutoka darini. Kwa ajili ya wepesi wa kazi, kila chuma kiligawanywa kuwa viwili, hata njia ya chini ikawa imening’inia kwenye njia ya juu. Badiliko lilionekana dogo na likapita katika ofisi bila hesabu mpya, ilhali liliongeza maradufu mzigo wa viungo vya njia ya juu. Tarehe 17 Julai 1981 njia hizo zilianguka, na watu 114 wakafa.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta vilio. Tarehe 29 Machi 2013 jengo refu lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam lilianguka na kuua watu 36. Tarehe 29 Aprili 2016 nyumba ya ghorofa ilianguka Huruma, Nairobi, wakafa watu wapatao 50. Tarehe 16 Novemba 2024 likaanguka jengo katika Kariakoo. Kila anguko lina sababu zake, wala si kazi yangu kuhukumu. Lakini nasema kwamba katika kila jengo duniani ilikuwapo siku ambayo nondo zilikuwa wazi na zege halijamwagwa, na mtu mmoja aliweza kuziona na kunena.

Basi tusitosheke na kumtaka msimamizi awe hodari na mwaminifu. Uhodari wa mtu ambaye mshahara wake umo mkononi mwa anayeharakisha ni uhodari unaokodiwa kwa saa, kama ile mashine. Mapatano ya kazi na yaseme wazi kwamba neno lake la kusimamisha halimpotezei kazi, na tarehe za kukaguliwa kwa msingi, nondo na boksi ziandikwe mapema ili ukaguzi usihesabiwe kuwa ucheleweshaji. Nasi tunaojifunza kuchora na kupiga hesabu tukumbuke kwamba mistari yetu safi itapitia miguuni mwa watu 40 wenye haraka, na kwamba kati ya karatasi yetu na roshani atakayoegemea mtoto wa mtu, atasimama mtu mmoja mwenye timazi mfukoni. Tukimwita mzito, na tufahamu kwamba uzito wake ni sehemu ya hesabu.