Kiraka cha Utosini

Madison, Wisconsin

Kaka yangu mpenzi wa Unguja,

Hii ni wiki ya tatu kazi yangu ya alfajiri, kabla sijaonja chai, ni kumsafisha kichwa mzee mwenye nyumba niliyopanga, mkulima wa miaka 80 aliyepata upara angali kijana, akaendesha trekta juani umri wake wote bila kuvaa chochote kichwani, kwa kuwa kofia, kwa kauli yake, humtia joto.

Kilianza kigaga kikavu utosini, kikibanduka na kurudi, na tabibu wa kwanza akakidhania chunjua, akampa marhamu. Hata kipande kilipokatwa na kupimwa, ikabainika kuwa ni saratani ya ngozi, ile ambayo ikipuuzwa huweza kuzama mpaka mfupani na kuenea kwenye tezi za shingo.

Alitibiwa kwa njia iliyozaliwa papa hapa, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, kwa juhudi za Frederic Mohs, aliyeianza katika miaka ya 1930. Mgonjwa hutiwa ganzi ya mahali pale tu. Mpasuaji hukata tabaka jembamba, hulipaka rangi kingoni ili ajue upi upande wa paji na upi wa kisogo, kisha hulichungua chini ya hadubini, naye mwenye kichwa amekaa nje na bandeji akingoja hukumu. Mzee wangu aliitwa mara tatu. Kati ya mara ya pili na ya tatu alikula andazi zima la mdalasini, akinisimulia habari za ng'ombe.

Kuiondoa saratani, basi, kulikuwa rahisi. Mashaka yalikuwa katika kufunika. Wewe mshona kofia utanielewa: ngozi ya shavu ukiivuta hufuata, lakini ya utosi ni kitambaa kisicho na ziada, imekazwa na utando mgumu chini yake, tena hububujika damu. Kiraka cha ngozi ya pajani hushika pale tu penye utando wa mfupa ulio na mishipa ya damu. Juu ya fuvu tupu hukauka kikafa. Kwa kuwa saratani ilikwisha kuula utando ule, daktari alichora upinde mrefu kuelekea kisogoni, akaibandua ngozi bila kuikata shinani, ili mishipa yake iendelee kuilisha, akaizungusha mpaka ikaufunika mfupa. Na pengo lililobaki nyuma, ambako utando ulikuwa mzima, ndilo lililotiwa kiraka. Hakitaota nywele, jambo lisilomsumbua mwenye upara. Analolalamikia ni paja.

Nikimwosha, fikira hunirudia kwa mwanao wa mwisho. Asikose yale mafuta ya kukinga jua yatengenezwayo Moshi kwa wenye ualbino, wala asitoke mchana na kofia zetu hizi peke yake, maana hazina ukingo, na masikio na shingo huachwa wazi.

Mzee naye sasa ana kofia pana ya shambani, ila ameiona bulibuli yangu, anaitaka ya kuvaa ndani. Nimempima: sentimeta 59. Izidishe kidogo, bitana iwe laini, na tafadhali usipitishe mshono nyuma ya sikio la kushoto, pale upinde ulipoishia.

Nduguyo